Laini ya Shomoro

Katika nyumba ya Subedar Hastabir Ale, juu ya kilima cha Tansen, palikuwa na saa tatu, na zote zilikuwa chini ya amri. Ya ukutani ilirekebishwa kila asubuhi kwa kufuata redio. Ya mkononi ilirekebishwa kwa kufuata ya ukutani. Ya tatu ilikuwa Subedar mwenyewe, ambaye tangu astaafu jeshini na cheo chake hicho alikunywa chai yake ya kwanza saa kumi na moja na robo alfajiri, na inasemekana jogoo wa jirani alingoja asikie mlio wa kikombe ndipo awike.

Mjukuu wake, Dilsari, hakuwa chini ya amri ya saa yoyote. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwanafunzi wa shule ya bweni kule Butwal, bondeni, na sifa zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba simu yake, ambayo shuleni ni haramu kuliko sigara, aliificha ndani ya pakiti ya pedi, mahali ambapo mwalimu wa zamu, mwanamume mcha Mungu, alipapekua akiwa amefumba macho. Ya pili ni kwamba aliweza kumwiga yule mama wa mitandao ya simu, yule anayesema mteja hapatikani, hata watu wazima wenye akili timamu walikata simu wakaenda kununua vocha.

Kipaji hicho kilikuwa kimekwisha kufanya kazi nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza babu mwenyewe alipigiwa kutoka chumba cha pili. Sauti ya mama ikamjulisha kwamba kikosi chake cha zamani kimempandisha cheo kuwa Kapteni, na gari la kumchukua litafika stendi saa nne kamili. Mzee alivaa medali zote. Alisimama stendi, wima, kwa saa mbili. Aliporudi alizivua moja moja, akazifunga kwenye kitambaa, na Dilsari aliyekuwa amejiandaa kucheka akakosa pa kuanzia.

Mara ya pili, mwaka juzi, ilikuwa zamu ya baba yake mdogo, Manbir, aliyepiga kutoka Malesia. "Mteja uliyempigia anakula," mama wa mtandao alimwambia. "Tafadhali jaribu tena atakaposhiba." Manbir aliitukana kampuni ya simu, ukoo wake na wazazi wake kabla ya kusikia kicheko.

Huyo Manbir ndiye aliyekuwa Kancha, kitinda mimba, na ndiye aliyekuwa kidonda cha nyumba. Miaka saba iliyopita, siku ya kuwachuja vijana wa kuingia jeshini, kila kijana alibebeshwa kikapu cha mawe, kamba ikiwa kwenye paji la uso, akapandisha mlima mbio. Manbir alikuwa wa tatu kutoka mbele. Zikiwa zimebaki hatua mia mbili alitua kikapu, akakikalia, akaagiza chai. Kwenye mstari wa mwisho alikuwa amesimama Subedar, pamoja na wenzake kumi na wawili wa kikosi aliowaalika waje kushuhudia.

"Chai ilikuwa tamu?" mzee alimwuliza jioni ile.

"Ilikuwa na sukari kidogo, Baba. Lakini niliinywa kwa hiari yangu."

Hayo yakawa mazungumzo yao ya mwisho. Manbir akaenda Malesia kupigilia misumari kwenye viti ambavyo hangevikalia. Kila sikukuu ya Dashain ilipofika, ukoo mzima ulipiga magoti mbele ya Subedar kubandikwa tika kwenye paji la uso, ule mchele uliokandwa kwa mtindi, mweupe kama ipasavyo kwetu Wamagar wa Palpa. Waliokuwa ng'ambo walipiga simu, na mzee akawasomea baraka zao huku akirusha punje hewani kuelekea upande waliko. Kwa upande wa Malesia hakuwahi kurusha hata punje moja.

Kisha Bibi akafa. Alikufa akiwa amesema jambo moja mara tatu: "Mpe Kancha tika yake." Mwaka wa matanga ulipita, mwaka usio na tika wala mbuzi. Hii ilikuwa Dashain ya kwanza baada ya matanga, na Subedar alikuwa na miaka sabini na tisa na kifua kilichopiga filimbi.

Mjumbe wa amani akawa Dilsari, maana dunia ikikosa watu wa maana huchukua waliopo.

"Babu, basi mpigie tu," alisema wiki mbili kabla.

"Mimi nimpigie?" Subedar aliacha kusugua kiatu. "Tangu lini mkono ukatafuta paji? Paji ndilo humfuata mwenye mkono. Saa ya heri ya kubandika tika itatangazwa redioni. Apige saa hiyo, nitapokea. Asipopiga, nitajua kwamba bado anakunywa chai."

"Akichelewa dakika moja?"

"Kuna watu walikufa kwa kuchelewa dakika moja. Niliwazika mimi."

Dilsari alipeleka masharti Malesia kwa ujumbe wa sauti. Saa ya heri ya mwaka huo ilikuwa saa tano na dakika hamsini na tatu asubuhi, ambayo kwa Manbir ni saa nane na dakika nane mchana, katikati ya zamu, wakati ambapo msimamizi wa kiwanda huwa amefungia simu zote kabatini.

"Nimepewa dakika kumi," Manbir alijibu baada ya siku mbili. "Kuanzia saa nane na dakika tano hadi nane na robo. Nimezilipia kwa Jumapili mbili za kazi. Dilsari, atapokea kweli?"

"Atapokea, Baba Mdogo."

"Usinifanyie mchezo. Safari hii usinifanyie."

"Naapa kwa Bibi."

Na kiapo kile, hebu tukiheshimu, kilikuwa cha kweli. Aliapa kwa moyo wake wote. Tatizo ni kwamba sehemu nyingine ya moyo huohuo ilikuwa inahitaji bando.

Pale stendi, chini ya mwavuli wa manjano, kampuni mpya ya simu iitwayo Bhangera, yaani shomoro, ilikuwa ikigawa laini kama karanga. Bei yake ilikuwa nusu ya kampuni kubwa. Mbele ya mwavuli alirukaruka kijana aliyevalishwa vazi la shomoro, mdomo wa kitambaa ukimwangukia kifuani. Wakala wao, Rukesh, alikuwa ametangaza zawadi: ukileta wateja kumi, unapata bando la mwezi mzima bure. Dilsari alikuwa amekwisha kuleta tisa. Alikuwa amewaongoa kinyozi, mama wa chai, wanafunzi wenzake sita na kuhani mmoja. Akawa anatafuta wa kumi, na nyumbani palikuwa na mzee mwenye kitochi cha kubonyeza na laini ya kampuni kubwa aliyoitumia miaka kumi na minane.

"Laini yangu ina kosa gani?" aliuliza Subedar.

"Haina kosa, Babu. Ina bei. Bhangera ni nusu, na mnara ni uleule."

"Huo mnara ni wao?"

"Wamepanga."

"Wamepanga kwa nani?"

"Kwa haohao wenye laini yako."

"Kwa hiyo," Subedar alisema taratibu, kama mtu anayesoma ramani ya adui, "mimi nina mkataba na mwenye nyumba. Nimwache, nikapange kwa mpangaji wake."

"Babu, kwenye simu mambo si hivyo."

"Na kwenye maji je? Bomba la mtaa likipungua, nani hukinga mwisho?"

Dilsari alicheka. Lilikuwa swali la kizee kabisa, swali la mtu anayedhani simu hupita kwenye bomba. Kisha akasema neno ambalo halikuandikwa kwenye tangazo lolote la Bhangera, neno alilolitunga palepale, mwenyewe, bila msaada: "Kwa laini hii Baba Mdogo atasikika safi zaidi. Utadhani yuko jikoni."

Subedar aliinuka, akachukua cheti chake cha uraia, akavaa kofia.

Pale mwavulini mzee alibonyeza kidole gumba kwenye kimashine kwa nidhamu kubwa. Rukesh alimpa karatasi atie sahihi, na Dilsari akaisoma kwa niaba yake, maana maandishi ya chini yalikuwa madogo kama mayai ya chawa.

"Hapa wameandika huduma itategemea nafasi mnarani. Maana yake nini?"

"Aa, hayo ni ya wanasheria, dada. Hayo hayamhusu mtu."

"Mimi mwenyewe situmii hii," shomoro akasema kutoka ndani ya mdomo wake wa kitambaa.

Wakacheka wote watatu. Subedar hakucheka, kwa kuwa alikuwa akihesabu chenji.

Namba ikawa mpya. Dilsari aliituma Malesia siku hiyohiyo, akarudia tarakimu mara mbili ili kusiwe na kosa, na hakukuwa na kosa. Namba ya zamani ilifungwa kwa kidole gumba hichohicho. Kadi yake Dilsari aliinoa ukutani akapata kipande kizuri cha kuchezea gitaa. Ili kuondoa shaka alimwomba jirani, Shangazi Tulasi, apige namba mpya. Simu ikalia, sauti ikaja safi, utadhani yuko jikoni. Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, na hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa akipiga simu Palpa nzima.

Siku ya tika ilipofika, mji ulioshwa na jua. Nyumba ilipakwa udongo mwekundu chini na chokaa juu. Miche ya shayiri iliyooteshwa gizani kwa siku tisa ilitolewa, ya manjano, mirefu, tayari kuchomekwa masikioni. Baba na mama yake Dilsari na shangazi zake wawili walikaa mkekani wakiwa wametazama mashariki. Mbwa wa nyumba, Kalu, alilala kizingitini akinusa harufu ya mbuzi.

Subedar alitoka chumbani saa tano na nusu. Alikuwa amevaa koti la kikosi. Kifuani mwake zilikuwa medali zote, zile alizozifunga kwenye kitambaa siku ya stendi, na ambazo tangu siku hiyo hakuna aliyeziona.

Dilsari aliziona akatazama pembeni.

Kitochi kiliwekwa katikati ya sinia la shaba, juu ya majani, kati ya mchele na mtindi, kama mungu mdogo mweusi mwenye vitufe. Redio ilikuwa ikisoma salamu. Saa tano na dakika arobaini simu ilikuwa na vijiti vinne vya mtandao. Saa tano na dakika arobaini na tano, vitatu.

"Mbona vinapungua?" aliuliza mama yake Dilsari.

"Vinapumua tu, Mama."

Saa tano na dakika hamsini kilibaki kimoja. Kwenye mapaa yote ya kilima watu walikuwa wamesimama na simu zao wakiwa wameziinua juu. Nchi nzima ina watoto ng'ambo, na watoto wote hao wamepewa dakika moja. Minara ya Palpa ilikuwa imebeba Qatar, Malesia, Korea na Kupro kwa wakati mmoja, na mwenye mnara, kama mwenye nyumba yeyote, aliwahudumia kwanza watu wake. Mpangaji akaambiwa angoje nje.

Kijiti cha mwisho kikapotea. Kioo cha kitochi kikaandika: *Dharura tu.*

"Na sasa," ikasema redio, "saa ya heri imewadia."

Subedar alichovya vidole vitatu kwenye mchele na mtindi. Desturi inamtaka mkubwa aanze na aliye mbali zaidi, yule ambaye mkono haumfikii. Akainua mkono kuelekea Malesia, akangoja.

Dilsari alichukua simu yake mwenyewe, nayo ya Bhangera, nayo *Dharura tu*. Alipanda paani. Aliinua simu. Akapanda juu ya tangi la maji, akaiinua tena. Kisha akateremka, akaruka ukuta wa Shangazi Tulasi, ambaye alikuwa bado kwenye kampuni kubwa kwa sababu aliona uvivu kwenda stendi.

"Shangazi, naomba simu!"

"Subiri, mwanangu yuko hewani, yuko Qatar! Haya baba, inamisha kichwa, inamisha kabisa..."

"Shangazi, dakika moja tu!"

"Leo kila mtu ana dakika moja tu, mama. Hii ni yangu."

Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililomwuma Dilsari zaidi, kwamba Shangazi Tulasi alikuwa na haki kabisa, akiwa amesimama pale na tika hewani, akilia na kucheka, mwanawe anasikika hadi barabarani.

Aliporudi ilikuwa saa tano na dakika hamsini na nane. Mkono wa Subedar ulikuwa bado juu. Mtindi ulikuwa umeteremka hadi kwenye kifundo cha mkono na kuingia ndani ya koti la kikosi. Kitochi kilikaa kwenye majani yake kimya, kikiwa kimepambwa vizuri.

"Baba," baba yake Dilsari alisema hatimaye, "labda tuendelee na hawa waliopo."

"Saa sita," Subedar alisema. "Ana hadi saa sita. Mtoto kaniambia ana dakika kumi."

Basi ilikuwa hivyo. Yule asiyesamehe dakika moja alikuwa amesamehe saba.

Saa ya ukutani ikagonga sita. Mkono ukashuka. Subedar alitazama ule mchele vidoleni kama mtu aliyeletewa chakula cha mtu mwingine. Akageuka, akatembea hadi kizingitini, akainama kwa shida, akaubandika kwenye paji la Kalu.

"Uishi miaka mia," alimwambia mbwa, na akasoma baraka yote, neno kwa neno, ile ya watoto wa kiume. "Uwe jasiri kuliko baba yako. Njia yako iwe nyeupe. Na ukibebeshwa mzigo, usiutue njiani."

Siku ya kuwavisha mbwa mashada na tika ipo, huja wiki kadhaa baada ya hapo. Kalu alipokea heshima yake mapema, akailamba. Katika maisha yake yote Dilsari hakuwahi kuona kitu cha kuchekesha kama kile ambacho hakuna aliyethubutu kukicheka.

Saa tisa alasiri, dunia ilipomaliza kubarikiana, vijiti vinne vilirudi. Simu ya Dilsari ikatetemeka. Kulikuwa na taarifa ya simu moja ambayo haikuingia, kutoka Malesia, na ujumbe mmoja wa sauti. Alikwenda kuusikiliza nyuma ya zizi la mbuzi, ambalo sasa lilikuwa tupu.

"Nimepiga mara nane," sauti ya Manbir ilisema. Nyuma yake mashine zilikuwa zikipiga misumari. "Kila nikipiga: mteja uliyempigia amezima simu yake. Amezima. Na siku kama hii. Nikapiga na kwako, nawe umezima." Mashine ikapiga msumari. "Halafu nikaanza kuisikiliza vizuri ile sauti. Mimi naijua sauti ile, Dilsari. Uliwahi kunifanyia. Mlikuwa mmekaa wote, siyo? Mzee kaiweka simu katikati, wewe unasema maneno, na wao wanaziba midomo. Haya. Mlicheka vizuri? Nimefanya kazi Jumapili mbili ili nichekwe. Mwambie mzee deni la chai limelipwa."

Dilsari aliusikiliza mara tatu. Kisha akapiga. Simu iliita mara moja ikakatwa. Akapiga tena, haikuita. Akakimbia kwa Shangazi Tulasi, ambaye sasa alikuwa na dakika nyingi za kugawa, akapiga kwa namba yake. Manbir alipokea.

"Baba Mdogo, sikiliza, ni mtandao, naapa, siyo mimi, ni laini ya rahisi, mnara ulijaa, wao wanaweka tu maneno yoyote..."

"Unaapa kwa nani safari hii?"

Dilsari hakuwa na mfu mwingine wa kuapa kwake.

"Sawa, Dilsari," Manbir alisema, kwa upole, kama mtu anavyomwambia mtoto anayedai ameona jini, na akakata. Baada ya hapo hata namba ya Shangazi Tulasi haikuita tena.

Kwa babu ilikuwa vilevile, ila kwa lugha ya kijeshi. Alimkuta ukumbini amevua koti, anasafisha doa la mtindi kwa kitambaa chenye maji. Ujumbe wa Manbir hakuthubutu kumsikilizisha, kwa sababu ya lile neno la mwisho la chai.

"Babu, alipiga. Mara nane. Ni laini. Waliozima ni kampuni."

"Kampuni ilizima simu yangu?"

"Haikuzima. Ilimwambia umezima."

"Na simu ilikuwa imewashwa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo yule mama wa simu amesema uongo."

"Ndiyo, Babu!"

Subedar aliendelea kusugua. "Yule mama," alisema, "aliwahi kuniambia mimi ni Kapteni."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Nyumbani kwa Subedar Hastabir msemo huo haukuhitaji kufafanuliwa. Mjukuu alikuwa amesimama palepale mlangoni, mikono nyuma, na ukweli mtupu mdomoni ambao haukununuliwa na yeyote, hata kwa nusu bei.

"Unamtetea," mzee alisema baadaye kidogo, bila ukali. "Ni vizuri kumtetea mtu wa damu yako. Lakini mtu anayetaka kupiga hupiga."

"Tika inaruhusiwa hadi mwezi mpevu, Babu. Bado siku tano. Mpigie wewe, kwa simu ya Shangazi, nakuomba."

"Desturi inauruhusu mkono kungoja siku tano. Kuzunguka ukitafuta paji haikuuruhusu."

Kesho yake asubuhi ujumbe uliingia kwenye simu ya Dilsari: *Hongera! Umeleta wateja kumi. Bando lako la mwezi mzima liko tayari. Bhangera, ruka nasi.* Alikuwa sasa na uwezo wa kuongea na dunia nzima kwa siku thelathini. Alishuka nalo hadi stendi. Mwavuli wa manjano ulikuwepo, Rukesh hakuwepo. Shomoro alikuwa ameketi kwenye ndoo, kichwa chake amekipakata mapajani, anakula mkate.

"Nilikwambia," alisema.

"Ulisema kama mzaha."

"Dada, nimevaa manyoya. Ningesemaje?"

Katika ofisi ya kampuni kubwa, mwanamke mmoja mpole alimweleza kwamba namba ya zamani inaweza kurudishwa. Mwenyewe aje na cheti chake na kidole chake. Fomu itapelekwa Kathmandu, na kwa ajili ya sikukuu wangeanza kuzisoma baada ya mwezi mmoja. Dilsari alishukuru. Alipokuwa anatoka yule mwanamke akamwita.

"Kwa nini lakini mliihama? Wateja wa zamani kama yeye tunawatanguliza."

"Kwa sababu mimi nina akili sana," Dilsari alijibu, na yule mwanamke akacheka, akidhani ni utani.

Siku tano zikapita kama zinavyopita siku za likizo zilizoharibika, yaani polepole na bila faida. Wageni walikuja, wakapiga magoti, wakabandikwa, wakala mbuzi, wakauliza habari za Kancha wakajibiwa kwamba ana kazi nyingi. Mara mbili ndugu walimwomba Dilsari aige yule mama wa simu. Alisema ana mafua.

Siku ya mwezi mpevu, siku ya mwisho, alikuwa anafunga begi la shule alipogundua kwamba babu hayupo ukumbini. Wala jikoni. Alipanda ngazi ya paa. Kabla hajatoa kichwa akamwona, akasimama.

Subedar alikuwa pembeni mwa tangi la maji, mahali ambapo mtandao hushika vizuri zaidi. Amevaa koti la kikosi, limesafishwa. Mkononi alikuwa na kisahani kidogo cha chai, na ndani yake mchele na mtindi, mbichi, umekandwa asubuhi ile. Karibu na miguu yake, juu ya zege, palikuwa na madoa manne meupe yaliyokauka, moja la kila siku iliyopita. Kitochi kilikuwa kimelala kwenye kiganja. Dilsari hakuhitaji kutazama saa. Ilikuwa saa ileile ya heri.

Kilima kilikuwa kimya. Hapakuwa na mtu mwingine paani. Vijiti vyote vinne vilikuwepo.

Simu ikalia.

Haikumaliza mlio wa kwanza. Mzee alikuwa ameshaibonyeza, ameshaiweka sikioni, visigino vimekutana, na sauti iliyomtoka haikuwa ya Subedar wala ya mtu yeyote ambaye Dilsari aliwahi kumsikia nyumbani mle.

"Kancha?"

Kitochi kile kina spika kubwa, ya kizee, hivyo hata pale ngazini maneno yalisikika vizuri, safi, utadhani yuko jikoni. "Mpendwa mteja," alisema mama wa mtandao. "Sisi wa familia ya Bhangera tunakutakia wewe na uwapendao baraka tele za Dashain. Sasa piga simu ng'ambo kwa nusu bei..."

Dilsari alingoja mzee akate. Hakukata. Alisimama wima, kisahani mkononi, akasikiliza bei zote za maongezi, nchi baada ya nchi, Malesia ikiwa ya tatu, hadi mwisho, maana alilelewa kutomkatiza mtu anayemtakia heri.

"Haya, mama," alisema ilipokwisha. "Na wewe pia."

Kisha akainamisha kisahani, akamwaga pale kwenye zege, pembeni ya yale manne.